Elimu kwa Barua, Shahada kwa Macho: Uhakiki wa Tarikh ya Elimu ya Masafa

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.

Kuna kisa ambacho kila anayesomea elimu ya watu wazima hufundishwa mapema, nacho ndicho tunachotaka kukihakiki katika makala haya. Kisa kinaanza Uingereza mwaka 1840, pale Isaac Pitman alipoanza kufundisha hati za mkato kwa barua, mwaka ule ule ilipotoka stempu ya peni moja. Kinaruka hadi 1858, Chuo Kikuu cha London kilipofungua mitihani yake kwa watu wasiosoma ndani ya kuta zake. Kinapita Afrika ya Kusini, ambako UNISA iligeuka kuwa chuo cha kufundisha kwa posta mwaka 1946. Kisha kinafika kwa Harold Wilson na wazo lake la mwaka 1963 la chuo kikuu cha hewani, lililozaa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza mwaka 1969. Mwisho kinatua kwetu: Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kikapokea wanafunzi wake wa mwanzo mwaka 1994 chini ya Profesa Geoffrey Mmari. Hapo kisa kinakwisha, na msomaji wa Unguja anafunga kitabu akiamini kwamba babu zake hawakupata kusoma kutoka mbali mpaka Mzungu alipowaletea stempu.

Hakuna uongo katika kisa hiki. Tarehe zake ni sahihi. Kasoro yake ni kuwa tarikh ya chombo imechukuliwa badala ya tarikh ya elimu. Anayeandika tarikh ya hija akaanzia siku ilipotengenezwa meli ya moshi atakuwa amesema kweli kuhusu meli, lakini juu ya hija atakuwa hajasema kitu.

Upande wa pili kuna kisa cha kwetu, tunachokisikia katika mihadhara. Husemwa kuwa Uislamu ndio ulioanzisha chuo huria, kwamba wanavyuoni walikuwa wakisomeshana kwa barua zaidi ya miaka elfu iliyopita, basi hapana jipya. Kisa hiki kinampendeza msikilizaji, naye huondoka bila ya kuuliza swali la pili: je, wanavyuoni hao walikubali kila kilichokuja kwa barua? Waliweka masharti gani? Upande wa tatu yupo mtu wa barazani, ambaye kwake elimu ya masafa si elimu kabisa. Hoja yake ni ule msemo kwamba asiye na sheikh, sheikh wake ni shetani. Wengi huutaja kana kwamba ni Hadithi. Si Hadithi ya Mtume (S.A.W.). Ni kauli iliyopokewa kwa watu wa tasawwuf, ina maana yake katika malezi ya nafsi, na haikuwekwa kumfungia mlango mtu anayetaka kusoma hisabu za biashara au sheria ya mikataba.

Pande zote tatu zinamhusu mtu mmoja tunayemjua. Anayeshuka daladala Mwanakwerekwe sokoni baada ya magharibi atawakuta watu wazima wenye vitabu kwapani. Wako wanaokwenda darsa msikitini, na wako wanaorudi nyumbani kufungua moduli ya chuo watoto wakishalala. Mara nyingi ni mtu yule yule kwa siku tofauti. Ni mwalimu wa skuli ya msingi, au karani, au muuza duka, au mama mwenye watoto wanne aliyeachia masomo Kidato cha Nne kwa sababu ya ndoa. Mtu huyu anaambiwa na kitabu chake kwamba anachofanya ni kitu cha kigeni, anaambiwa na mhadhiri kwamba ni kitu cha kale kisicho na mas-ala yoyote, na anaambiwa na jirani yake kwamba ni kupoteza wakati. Anayo haki ya kupata jawabu iliyo bora kuliko hizi.

Tuanze na suala la mtu mzima na shughuli zake. Imamu Bukhari, katika Kitabu cha Elimu ndani ya Sahihi yake, ameweka mlango wa kupokezana zamu katika kutafuta elimu. Humo ameleta habari ya Sayyidna Umar (R.A.), aliyekuwa akikaa Awali, vitongoji vya juu vya Madina, mbali na Msikiti wa Mtume (S.A.W.). Alikuwa na jirani yake wa Kiansari, wakapeana zamu: siku moja huyu huteremka mjini akasikia wahyi na mengineyo, akarudi kumhadithia mwenzake, siku ya pili huteremka yule. Wote wawili walikuwa watu wazima wenye kazi zao. Anayekaa Mwanakwerekwe, mahali ambapo zamani palihesabiwa kuwa shamba kwa mtu wa Mji Mkongwe, hahitaji kufasiriwa habari hii.

Wahadhiri hutaja habari hii na kuishia hapo. Lakini Hadithi ina mkia, na mkia wake ndio wenye fiqhi. Usiku mmoja jirani yule alirudi akagonga mlango kwa nguvu, akamwambia Umar kuwa limetokea jambo kubwa: Mtume (S.A.W.) amewaacha wake zake. Umar hakuipokea habari ile akalala nayo. Aliteremka mwenyewe, akaingia kwa binti yake Hafsa, kisha akamuuliza Mtume (S.A.W.) kwa kinywa chake. Jawabu ilikuwa la, hakuwaacha. Jirani hakuwa mwongo. Alikuwa mtu mwema aliyechukua kilichokuwa kikisemwa na watu. Basi Masahaba walikubali elimu ya kupelekewa kwa sababu maisha yanalazimisha, na papo hapo walijua kuwa lazima pawe na siku ya kuteremka mtu mwenyewe kuhakikisha.

Katika kitabu hicho hicho utakuta ujumbe wa Abdul-Qays, waliomwambia Mtume (S.A.W.) kuwa hawawezi kumfikia ila katika miezi mitukufu kwa sababu ya makabila ya Mudhar yaliyo kati yao. Hawakulaumiwa kwa umbali wao. Walipewa mambo machache ya msingi, wakaambiwa wayahifadhi na wawafikishie walioko nyuma yao. Na utakuta habari ya Malik bin Huwayrith na vijana wenzake, waliokaa Madina kiasi cha siku ishirini, kisha Mtume (S.A.W.) alipoona wameshawatamani watu wao akawaamuru warudi wakawafundishe. Siku ishirini za ana kwa ana, kisha nyumbani. Wenye vyuo vya masafa wanaojua shida ya kupanga vipindi vya kukutana na wanafunzi wao wataona kuwa tatizo hili lina umri mrefu.

Ama barua zenyewe, hapa ndipo tarikh yetu ilipo tajiri, na ndipo kisa cha Pitman kinapoonekana kifupi. Wanavyuoni wa Hadithi hawakutosheka kutumia barua. Walikaa wakaifanyia elimu. Ibn Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria (1245), alizipanga njia za kuipokea Hadithi zikawa nane. Ya mwanzo ni kusikia kutoka kinywani mwa sheikh. Ya pili ni mwanafunzi kusoma na sheikh akisikiliza. Kisha zinafuata ijaza, kupewa kitabu mkononi, inayoitwa munawala, kuandikiwa barua, ambayo ni mukataba, kujulishwa tu, kuusiwa kitabu, na ya mwisho wijada, yaani mtu kukuta maandishi ya mtu na kuyasoma bila ya kuruhusiwa wala kuandikiwa.

Mtazame mpangilio huu kwa jicho la leo. Mukataba haikutupwa. Ikiwa barua imekuja pamoja na ijaza, nguvu yake inakaribia munawala. Ikiwa imekuja bila ya ijaza, wengi waliikubali, na miongoni mwa wakubwa waliotajwa ni Ayyub Sakhtiyani na Layth bin Saad. Mawardi katika mafaqihi wa Kishafi aliikataa. Walijadili swali la hati: je, si hati hufanana? Jawabu aliyoipa nguvu Ibn Salah ni kuwa inatosha mwandikiwa aitambue hati ya mwandishi, kwa kuwa kuchanganyika hati ni jambo la nadra. Na walijadili adabu ya matamshi, nalo ni jambo zuri kabisa: aliyepokea kwa barua bora aseme kuwa fulani ameniandikia, wala asiache watu wadhani kuwa alikaa mbele yake. Riwaya inakubaliwa, na namna iliyopatikana inatajwa waziwazi, bila ya aibu.

Hii haikuwa nadharia ya vitabuni. Muawiya (R.A.) alimwandikia Mughira bin Shuuba amwandikie alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.), na Mughira akamwamrisha karani wake Warrad, akaandika dhikri aliyokuwa Mtume (S.A.W.) akiisoma baada ya kila sala ya faradhi, ile ya kukiri kuwa hakuna wa kukizuia alichokitoa Mwenyezi Mungu. Imo katika Sahihi mbili. Basi kila jioni, misikitini kote Mwanakwerekwe, watu wanatoa salamu na kuleta uradi uliosafiri kwa barua kutoka Kufa mpaka Sham. Mtu wa barazani anayesema kuwa kilichosomwa kwa barua si elimu naye anausoma uradi huo huo.

Twende pwani yetu. Sayyid Ahmad bin Sumeit (1861–1925) alikuwa tayari kadhi hapa Unguja alipoondoka katika miaka ya 1880 kwenda kusoma Istanbul kwa Sayyid Fadhl bin Alawi, akarudi mwaka 1888. Kadhi mzima, mwenye cheo, akajirudisha uanafunzini. Hilo peke yake linatosha kumtia moyo mwalimu wa miaka arubaini anayeona haya kujaza fomu ya chuo. Upande wa Maibadhi kuna habari ya ajabu zaidi: Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, aliyefariki mwaka 1914, alikuwa Mzab, jangwani Algeria, wala hakupata kuikanyaga Unguja. Lakini mtambo wa chapa alioanzisha Sultan Barghash ulichapa tafsiri yake ya Qur-ani, Himyan al-Zad, na barua zikaenda na kurudi baina yake na watu wa huku. Wanafunzi wake wa Unguja walikuwa wanafunzi wa masafa kwa maana kamili ya neno hili, na mwalimu wao hakuwa na habari ya Pitman.

Tarikh hii vile vile inaonesha mpaka wa barua. Mwanzoni mwa karne ya 20, Waislamu wa Cape Town walikhitilafiana juu ya sala ya Ijumaa, wakaleta barua Unguja kuomba msaada. Angeweza mtu kuwaandikia fatwa ikapelekwa kwa meli. Aliyepelekwa ni Sheikh Abdallah Bakathir mwenyewe, mwalimu wa Ukutani, aliyefariki mwaka 1925. Mas-ala yenyewe yamo vitabuni, na watu wa Cape walikuwa na vitabu. Walichokikosa ni mtu wa kukaa nao, kuwasikiliza na kuwapatanisha. Kadhalika Sayyidna Uthman (R.A.) alipoipeleka misahafu mijini, wanavyuoni wa Qur-ani wanataja kuwa alipeleka pamoja nayo wasomaji wa kuwasomesha watu. Tajwidi haijifunzwi kwa karatasi. Wenye kudai kuwa kila fani inaweza kusomwa kutoka mbali wajibu hoja ya wasomaji hao.

Baada ya barua lilikuja gazeti. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na walioyasoma walikuwa watu wazima wa pwani nzima, wenye kazi na wasiokuwa na nafasi ya kukaa darsani. Kisha redio. Kisha tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Qurani Takatifu, iliyotoka kwa ukamilifu mwaka 1969. Sheikh Farsy mwenyewe alikuwa mwalimu wa skuli za serikali huku akisoma kwa masheikh wa mji, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alihamia Kenya. Tafsiri na maelezo yake yakabaki yanasomesha Unguja hali mwenyewe yuko ng'ambo. Baadaye zikaja kanda za kaseti, ambazo tarikh yake inastahiki makala peke yake.

Katika elimu ya dunia, njia ya posta iliwafaa watu wa Afrika Mashariki ambao serikali ya kikoloni haikuwafungulia mlango mwengine. Tom Mboya, akiwa mkaguzi wa afya mjini Nairobi, alisoma kwa posta na chuo cha Afrika ya Kusini kabla ya kwenda Ruskin College, Oxford, mwaka 1955. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria ya UNISA mwaka 1989 akiwa bado kifungoni. Bara, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960 kama tawi la Makerere, ikawa taasisi yenye kujitegemea kwa sheria ya mwaka 1975, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaanza kutoa masomo kwa njia ya posta. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi, kijitabu na redio moja. Aliyekulia katika darsa ataitambua sura hiyo mara moja: matni, msomaji, na duara ya watu wazima wanaouliza.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtu afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu. Nia ilikuwa kukipa chuo kikuu wanafunzi waliokomaa. Matokeo yake idadi ya wanawake ilishuka, kwa sababu msichana aliyengojeshwa miaka miwili aliolewa, na haukupita muda wanawake wakaondolewa sharti hilo. Watunga sera waliuona utu uzima kama miaka ya kazi tu. Hawakuuona utu uzima wa mwanamke, ambao kwa wengi ni mimba, mtoto na idhini ya nyumbani.

Kwa Zanzibar kuna jambo moja ambalo vitabu vya bara huliruka. Kabla ya mwaka 1998 hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja Unguja wala Pemba. Mwaka huo ndipo kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, na Chuo cha Elimu, Chukwani, vyote kwa juhudi za taasisi za Kiislamu. Chuo Kikuu cha Taifa kikaja kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kusomesha mwaka 2001. Basi Mzanzibari mtu mzima wa miaka ya 1990 aliyetaka shahada alikuwa na njia mbili: aiache nyumba yake avuke bahari, au asome kutoka mbali. Chuo Kikuu Huria kilipoanza, kwa mtu huyo hakikuwa mlango wa nyuma wa waliokosa nafasi. Kwa aliyeshindwa kusafiri ulikuwa ndio mlango pekee. Anayewacheka waliosoma huko miaka hiyo na aseme wangesoma wapi.

Sasa tuje kwenye fiqhi, kwani hapa ndipo pande zote tatu zinapokosea kwa pamoja. Kiswahili kimetufanyia wema mkubwa: karatasi anayopewa mhitimu tunaiita shahada, na shahada ni ushahidi. Chuo kinachomtunuku mtu shahada kinasimama kama shahidi mbele ya watu, kikisema kuwa mtu huyu anajua kadhaa wa kadhaa. Wanavyuoni wamepambanua baina ya riwaya na shahada, wala hawakuzipa hukumu moja. Katika riwaya barua inatosha ikiwa hati inajulikana. Katika shahada mambo ni mazito zaidi. Kwa madhehebu yetu ya Kishafi, kama yalivyo katika Minhaj ya Imamu Nawawi, barua ya kadhi kwa kadhi mwenziwe haifanyiwi kazi kwa hati na muhuri peke yake. Wanatakiwa mashahidi wawili wanaojua kilichomo ndani yake. Na shahidi hatoi ushahidi juu ya kitendo ila awe amekiona, wala juu ya kauli ila awe ameisikia na kumuona msemaji, isipokuwa mambo machache kama nasaba ambayo yanatosha kwa kuenea habari zake. Aya ya deni katika Surat al-Baqara, ya 282, iliamrisha kuandika, na pamoja na kuandika ikaamrisha kushuhudisha.

Ukizipanga hukumu hizi mbili mahali pake, mas-ala yetu yanafunguka. Kupokea elimu ni katika mlango wa riwaya: moduli, redio, barua na intaneti zinafaa, kwa masharti ya kujulikana mwenye kuandika na uaminifu wa njia. Kumtangaza mtu kuwa anajua ni katika mlango wa shahada: lazima awepo aliyeona na kusikia. Chuo Kikuu Huria, kwa kujua fiqhi hii au bila ya kuijua, kilijengwa juu yake tangu mwanzo. Kinasomesha kwa masafa, lakini mwanafunzi akifika kwenye mtihani wa mwisho huitwa kituoni, akakaa katika chumba chenye msimamizi, kitambulisho mezani. Chuo Kikuu cha London kilifanya vivyo hivyo kwa watahiniwa wake wa makoloni: masomo kila mtu na lake, mtihani mbele ya macho. Aliyefaulu kwa njia hii shahada yake ina mashahidi, na mtu wa barazani hana la kumtoa kasoro.

Kwa mizani hiyo hiyo tuseme na wale wanaotundika ukutani vyeti vya kozi za intaneti ambazo hakuna aliyewaona wakizifanya, au ijaza zilizotumwa kwa simu na sheikh asiyewahi kuwasikia wakisoma hata ukurasa mmoja. Hatusemi kuwa hawakunufaika. Huenda wamejifunza mengi. Tunasema kuwa kilichoko mkononi mwao ni riwaya iliyovishwa nguo ya shahada. Wala hatusemi hivi juu ya kila chuo cha intaneti, kwani vipo vinavyotaka msimamizi wa mtihani na vipo visivyotaka, na tofauti hiyo ndiyo inayofaa kuulizwa kabla ya kulipa ada. Ama anayekusanya maandiko yanayorushwa rushwa katika simu akayatolea fatwa, huyo yuko katika daraja ya nane, wijada, na mara nyingi hata hati ya mwandishi haijui.

Na kuna ugonjwa mbaya zaidi, nao ni kazi za mwanafunzi kuandikwa na mwengine kwa malipo. Hili linajulikana, lina soko lake, na siku hizi zipo na programu za kompyuta zinazoandika insha kwa dakika moja. Hukumu yake haina utata. Ajira haisihi kwa kitendo cha haramu, basi ujira huo si halali kwa mwandishi. Na anayeiwakilisha kazi hiyo kwa jina lake anakisukuma chuo kutoa ushahidi wa uongo, na ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa. Mshahara utakaopatikana kwa karatasi hiyo tunawaachia wenye nayo wautafakari. Tunachowaambia vyuo ni kuwa kadiri alama zinavyotegemea kazi za nyumbani, ndivyo shahada inavyopungua mashahidi. Dakika kumi za kumuuliza mtu kwa mdomo juu ya alichokiandika zingefichua mengi, na hiyo ndiyo njia ya pili katika nane za Ibn Salah: mwanafunzi anasoma, sheikh anasikiliza.

Lipo jengine la kuwalaumu waandishi wa moduli, nalo ni lugha. Katika darsa zetu matni ni ya Kiarabu, fupi na kavu, na sheikh huifasiri kwa Kiswahili neno kwa neno mpaka mzee asiyejua Kiarabu akatoka ameshika hukumu. Matni na sherehe yake havikuachana. Moduli ya chuo ni matni ya Kiingereza isiyokuwa na sherehe. Mtu mzima aliyeiacha skuli miaka ishirini iliyopita anaachiwa karatasi mia mbili za lugha ngeni, peke yake, usiku, na akishindwa husemwa kuwa hana bidii. Wasomi wa elimu ya watu wazima wanaotafuta sababu za wanafunzi wa masafa kuacha njiani wangekwenda kukaa katika darsa moja ya Mwanakwerekwe baada ya magharibi wakaangalia kinachofanyika. Hapana gharama: msikiti upo, mwenye shahada yake mtaani yupo, na wenye moduli ile ile hawakosekani wawili watatu. Wakikaa duara wakasomeana kwa Kiingereza na kufasiriana kwa Kiswahili, watakuwa wamelifanya lile lililofanywa na Umar na jirani yake, kila mmoja na siku yake ya kuteremka.

Wanawake nao wana haki yao hapa. Imamu Bukhari amepokea kuwa wanawake walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamwambia kuwa wanaume wamewashinda kwa kumzunguka, basi awawekee siku yao, naye akawawekea. Hakuwaambia wasubiri mpaka watoto wakue. Misikiti mingi ya mitaani kwetu haina hata chumba ambacho mama anayejiandaa na mtihani anaweza kukaa saa mbili na wenzake, na kamati za misikiti hiyo ni za wanaume wanaolalamika kuwa mabinti zao hawasomi. Chumba kimoja, siku mbili kwa wiki baina ya alasiri na magharibi, wakati ambao hakuna darsa nyengine, ni jambo ambalo kamati inaweza kuliamua katika kikao chake kijacho.

Wallahu aalam.